Povu na harufu: maswali na majibu kuhusu sabuni na mafuta ya mwenye pumu ya ngozi

Wengi wetu tunapoingia dukani hupima ubora wa sabuni kwa wingi wa povu lake, na ubora wa mafuta ya kujipaka kwa harufu yake: tunafungua kifuniko, tunanusa, kisha tunaamua. Kwa mwenye ngozi imara desturi hiyo haina madhara makubwa. Kwa mwenye pumu ya ngozi, ambayo vitabu vingine huiita ukurutu, na kwa yule ambaye ngozi yake hukauka hadi kupasuka, vigezo hivyo viwili ndivyo vinavyomfikisha kwenye bidhaa zinazomuumiza.

Kwa nini uchaguzi wa sabuni na mafuta uwe na uzito kiasi hicho, ilhali ugonjwa una dawa zake?

Kwa sababu ugonjwa wenyewe huanzia kwenye ukuta wa ngozi. Tabaka la juu la ngozi limejengwa kama ukuta wa matofali: seli ndiyo matofali, na mafuta ya asili yaliyo baina yake ndiyo udongo unaoyashikanisha. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wagonjwa huzaliwa na kasoro katika jeni inayotengeneza filagrini, protini inayosaidia kuushikilia ukuta huo na kuhifadhi unyevu. Ukuta ukiwa na nyufa, maji ya mwilini hutoka, na vitu vya nje kama sabuni, vumbi na manukato huingia. Kinga ya mwili hushtuka, muwasho huanza, mgonjwa hujikuna, na kujikuna huongeza nyufa. Ndiyo maana mafuta ya mwenye pumu ya ngozi ni sehemu ya tiba, na hayakomi kupakwa siku ambazo ngozi inaonekana imepona.

Ni lazima pia jambo moja lisemwe waziwazi, kwa kuwa linawaumiza wazazi wengi. Pumu ya ngozi haiambukizi, wala haisababishwi na uchafu. Mama anayeambiwa na majirani kwamba mwanawe haogeshwi vizuri huongeza sabuni na kumsugua kwa nguvu zaidi ili kuondoa aibu, na kila anapofanya hivyo hali ya mtoto huzidi kuwa mbaya. Mama huyo hana kosa lolote. Alichonyimwa ni maelezo.

Nitumie sabuni gani?

Ngozi yenye afya ina tindikali kidogo, yaani kipimo chake cha pH huwa kati ya 4.5 na 5.5 hivi, wakati sabuni ya kawaida ya kipande huwa na alkali inayofikia 9 au 10. Sabuni ya mche ya kufulia, sabuni ya magadi na zile zinazotangazwa kuwa zinaua vijidudu vyote ni kali mno kwa ngozi hii. Kinachofaa ni kisafishio laini kisicho na manukato, kiwe cha maji au cha kipande, ambacho kimetengenezwa kwa pH inayokaribia ile ya ngozi. Hakitoi povu jingi, na mtumiaji mpya mara nyingi hudhani kwamba hakijamtakatisha. Kimemtakatisha.

Bidhaa hizo si rahisi kupatikana kila mahali, na bei yake si ya kila mfuko. Asiyeimudu asikate tamaa: atumie kiasi kidogo cha sabuni isiyo na harufu kwenye makwapa, sehemu za siri na nyayo tu, na kwingineko ajimwagie maji ya uvuguvugu bila sabuni. Kuoga kusizidi dakika 10, maji yasiwe ya moto, na dodoki pamoja na jiwe la kujisugulia viwekwe kando. Katika maeneo yenye maji ya chumvi ya kisima, ambako povu hutoka kwa shida na mtu hujikuta akiongeza sabuni, tahadhari hii ina umuhimu zaidi, na inafaa kujisuuza vizuri mwishoni ili sabuni isibaki ngozini.

Kuhusu povu lenyewe, kiambato kinacholileta, cha kutafutwa kwenye lebo na kuepukwa, ni "sodium lauryl sulfate". Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu krimu nyeupe ya bei nafuu iitwayo "aqueous cream", iliyokuwa ikitolewa kwa wagonjwa wa ngozi kwa miaka mingi, kwa sababu kiambato hicho kiliwawasha baadhi yao, hasa watoto, ilipoachwa ngozini. Ninakitaja kisa hicho ili mgonjwa ajue kwamba akisema krimu fulani inamchoma anastahili kusikilizwa, hata kama krimu hiyo ameandikiwa hospitalini.

Kati ya losheni, krimu na mafuta ya mgando, kipi ni bora?

Losheni ina maji mengi kuliko mafuta. Hupakika upesi na hukauka upesi, na kwa kuwa maji huozesha, huhitaji vihifadhi ambavyo vinaweza kuchoma ngozi iliyochubuka. Krimu iko katikati. Mafuta ya mgando yatokanayo na mafuta ghafi ("petroleum jelly") hayana maji, kwa kawaida hayahitaji vihifadhi, hayachomi, na huzuia maji yasitoke ngozini kuliko karibu kitu kingine chochote kinachouzwa kwa bei ya kawaida. Ningelazimika kumchagulia mtu kopo moja tu, ningemchagulia mafuta ya mgando yasiyo na rangi wala harufu.

Hata hivyo hali ya hewa ina neno lake. Dar es Salaam au Tanga wakati wa kaskazi, mafuta mazito mchana hufungia jasho na kuzidisha muwasho, kwa hiyo krimu isiyo na manukato hufaa mchana na mgando usiku. Njombe na Makete katika baridi ya Juni na Julai, au Dodoma upepo mkavu unapovuma, mgando unaweza kuhitajika asubuhi na jioni.

Tahadhari iende kwenye makopo yenye picha ya mtoto mchanga. Mengi yametiwa manukato, na picha hiyo haithibitishi kwamba yaliyomo ni laini.

Katika krimu, viambato vinavyosaidia ni glisirini, ambayo huvuta maji na kuyashikilia, na seramidi, ambayo ni miongoni mwa mafuta ya asili ya ukuta wa ngozi. Yurea ya asilimia 5 hadi 10 hulainisha vizuri ngozi kavu ya watu wazima, hasa miguuni, lakini huchoma penye michubuko.

Mafuta ya nazi, ya alizeti na mengine ya asili je?

Hapa jibu haliwezi kuwa moja. Mafuta safi ya nazi, ambayo watu wa pwani wameyapaka watoto wao vizazi na vizazi, yamejaribiwa kitaalamu: utafiti uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto wenye pumu ya ngozi ya kiwango cha chini hadi cha wastani walipata nafuu kubwa zaidi kuliko waliopakwa mafuta ya madini ("mineral oil"). Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2013, uliofanywa kwa watu wazima, ulionyesha kwamba mafuta ya zeituni yaliudhoofisha ukuta wa ngozi, ilhali ya alizeti hayakuuharibu. Kwa hiyo nazi safi isiyotiwa harufu inaweza kutumika ikiwa ngozi ya mtu inaikubali, na zeituni iachwe kwa ajili ya chakula. Mafuta ya karanga yasipakwe mtoto mwenye pumu ya ngozi, kwa sababu karanga ikipita kwenye ngozi yenye nyufa inaweza kuuzoesha mwili wake kuikataa hata akija kuila.

Ndimu, kitunguu saumu kilichopondwa na mafuta ya mkaratusi viepukwe kabisa. Singo na liwa vina heshima yake katika urembo wetu, lakini kusugua pamoja na manukato havifai kwa ngozi iliyowaka. Wapo wanaosema kwamba dawa ikichoma ndiyo inafanya kazi. Kwa ugonjwa huu, bidhaa inayochoma kila inapopakwa ioshwe na iachwe.

Lebo nisomeje?

Tafuta kwanza neno "parfum", "perfume" au "fragrance" katika orodha ya viambato. Likiwepo, rudisha kopo. Majina "linalool" na "limonene" nayo ni ya manukato, hata bidhaa ikiitwa ya mimea. Maneno "fragrance free" humaanisha kwamba haikutiwa manukato, ilhali "unscented" yaweza kumaanisha kwamba imetiwa manukato ya kufunika harufu nyingine. Neno "hypoallergenic" halina kipimo cha kisheria hata Marekani, ambako kanuni iliyojaribu kulipa maana ilitenguliwa mahakamani mwaka 1977. Epuka pia kihifadhi kiitwacho "methylisothiazolinone", ambacho Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku katika bidhaa zinazobaki ngozini.

Baada ya lebo, jaribu mwenyewe: paka kiasi kidogo ndani ya mkono, karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku 7 hadi 10, sehemu ileile. Pasipotokea kitu, paka mwili mzima.

Nimeuziwa krimu inayoondoa muwasho kwa siku mbili na kung'arisha madoa. Kuna ubaya?

Upo, na ni mkubwa. Kwenye ngozi nyeusi pumu ya ngozi mara nyingi haionekani kama wekundu unaotajwa katika vitabu vingi. Huonekana kama rangi ya kijivu, ya zambarau au ya hudhurungi iliyokolea, pamoja na vipele vidogo kwenye mizizi ya vinyweleo, na ikitulia huacha mabaka meusi au meupe. Mabaka hayo hufifia yenyewe kwa miezi mingi endapo ugonjwa umedhibitiwa. Anayeshindwa kusubiri huuziwa krimu ya kung'arisha, au mkorogo uliochanganywa nyuma ya duka, wenye steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au hata zebaki. Vitu hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na zebaki inaweza kuharibu figo. Steroidi kali isiyosimamiwa hufanya ngozi kuwa nyembamba, huleta michirizi isiyofutika, na huficha fangasi huku ikienea.

Steroidi aliyoandika daktari ni jambo tofauti, na si haki kumtisha mgonjwa aiache. Kiasi kinachotoka kwenye tyubu kuanzia ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo chake cha kwanza, karibu nusu gramu, hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Iachwe ikae kama nusu saa kabla au baada ya kupaka mafuta ya kulainisha.

Nipake mafuta kiasi gani, na lini?

Ndani ya dakika tatu baada ya kuoga, mwili ukiwa umefutwa kwa kugusagusa taulo na bado una unyevunyevu. Kisha angalau mara moja nyingine kwa siku. Mtoto mwenye ngozi kavu mwili mzima huhitaji gramu 250 au zaidi kwa wiki. Kopo la kiasi hicho likimaliza mwezi, tatizo ni uchache wa mafuta, na hapo ndipo kopo kubwa la bei nafuu linapomsaidia mtu kuliko kichupa ghali. Mafuta yachotwe kwa kijiko safi.

Nguo na mashuka yaliyoloa mafuta hushika moto upesi, hata baada ya kufuliwa, kwa hiyo mgonjwa asikae karibu na kibatari, mshumaa au jiko la mkaa.

Ni wakati gani mafuta hayatoshi?

Ikiwa watu kadhaa nyumbani wanawashwa, na zaidi usiku, huenda ni upele wa kuambukizana ("scabies"), ambao unahitaji dawa yake kwa nyumba nzima siku moja. Baka la duara lenye ukingo ulioinuka laweza kuwa fangasi. Magamba ya manjano yanayotoa maji, usaha au homa ni dalili za maambukizi ya bakteria, na zahanati itoe matibabu. Malengelenge madogo yanayofanana, yenye maumivu, yanayotokea ghafla na kuacha vishimo, hasa kwa mtoto mwenye homa au karibu na jicho, huweza kuwa virusi vya hepesi vilivyoenea kwenye pumu ya ngozi: mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku, na kopo la mafuta anayotumia lichukuliwe pamoja naye ili daktari alione.