Alama za Darasa la Utangazaji Hutolewaje?

Mwanafunzi anayeandika vizuri kuliko wenzake wote anaweza kupata C katika darasa la utangazaji wa habari, na mara nyingi ndiyo aliyostahili. Vyuo vya kati vilivyo chini ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, hufundisha kwa mitaala ya umahiri: kinachopimwa ni kile mwanafunzi anachoweza kukifanya. Kwa hiyo alama zinakusanywa muhula mzima, ripoti moja baada ya nyingine.

Chukua mwanafunzi aliyetumwa Soko la Mabibo, Dar es Salaam, alete habari ya sekunde 90 kuhusu bei ya ndizi kupanda. Sisi walimu tunaanza na ukweli. Jina la mfanyabiashara limeandikwa sawasawa kwenye skrini? Bei iliyotajwa ni ya mkungu au ya chane? Amezungumza na wanunuzi na madereva wa malori, au amemwamini mtu mmoja? Hapa tunakata alama bila huruma, na naamini ni haki. Picha yenye giza inaudhi tu, lakini bei isiyo sahihi inampotosha mama lishe anayepanga mtaji wa kesho.

Baada ya hapo tunakwenda kwenye sauti, na huko ndiko wengi huanguka. Mtazamaji huvumilia picha iliyotikisika kidogo. Mahojiano yaliyomezwa na jenereta humfanya abadili chaneli. Kwenye mita ya kidijitali inayopima ukubwa wa sauti, desibeli 0 ndiyo kikomo, na sauti ikifika hapo hupasuka. Tunataka vilele vya mazungumzo vibaki kati ya desibeli -12 na -6, na mwanafunzi avae hedifoni akiwa palepale sokoni anarekodi.

Tunasikiliza pia rekodi ghafi, yaani ile ambayo haijahaririwa. Humo tunaona maswali yaliyoulizwa, na kama jibu limekatwa mpaka maana ikageuka. Aliyegeuza maneno ya mtu hapati kitu, hata kama amehariri kwa ustadi.

Muda hauna mjadala. Bulitini, yaani taarifa ya habari, ikianza saa 2:00 usiku, ripoti iliyofika saa 2:05 imeikosa.

Malalamiko mengi hutoka kwenye kazi za kikundi. Mpiga picha amefanya vizuri, msomaji amejikwaa, wapate sawa? Hapana. Bulitini ina alama yake ya pamoja, kisha kila mmoja ana alama ya nafasi yake, na nafasi huzunguka: wiki hii mtangazaji, wiki ijayo mwongozaji, halafu mpiga picha. Asiyetaka kuzunguka kwa sababu anapenda kuonekana kwenye skrini tu anajinyima, maana redio na televisheni ndogo za mikoani mara nyingi humtuma mtu mmoja, akarekodi, akaandika na kuhariri mwenyewe.

Asiyeridhika na alama yake ana haki ya kuitazama ripoti pamoja na mwalimu, karatasi ya vigezo ikiwa mezani, aonyeshwe ni sekunde ipi iliyomponza. Karatasi hiyo hutolewa kabla ya kazi. Kama hukuipata, iombe kabla hujachukua kamera.