Je, wajua umesimama kwenye mraba gani?

Mkulima wa Uporoto au Mbozi ukimuuliza eka ni nini, atakujibu: hatua 70 kwa 70. Ugomvi huanza siku mwenye shamba ni mfupi na mnunuzi ana miguu mirefu. Kila mmoja anapima kwa hatua zake, na kila mmoja anapata eka yake.

Wanaohesabu maua, ndege au mibuni yenye ugonjwa hukumbana na ugomvi wa aina hiyohiyo. Chukua Kitulo, kule Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, ile inayoitwa Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina takriban kilomita za mraba 413, na aina za okidi zake ni kama 45. Viazi vya baadhi ya okidi za nyanda hizi huchimbwa na kuvushwa hadi Zambia vikapikwe chakula kiitwacho chikanda, kwa hiyo kujua zimebaki wapi si jambo la wapenda maua peke yao. Sasa watu watatu wapande kule na simu zao, kila anayeona ua aweke nukta. Jioni nukta zimejazana kandokando ya barabara, na kule mbali ramani ni tupu. Tupu kwa sababu okidi hazipo, au kwa sababu hakuna aliyefika? Nukta hazina jibu.

Miraba inalo. Eneo likigawanywa kwa miraba ya kilomita moja kwa moja, kila mraba una hali tatu: tulifika tukaziona, tulifika hatukuziona, au hatujafika. Hiyo ya katikati ndiyo mali. Mwakani mtu mwingine akirudi kwenye mraba uleule, mnaweza kulinganisha kilichokuwepo na kilichotoweka. Ila ukubwa lazima uwe mmoja. Mraba wa kilomita moja kila upande una hekta 100, wa kilomita mbili una hekta 400, na kwenye huo mkubwa utaona aina nyingi zaidi hata kama udongo ni uleule. Ni mfupi na mrefu wetu tena.

Kitu ninachokipenda zaidi ni kwamba jina la mraba tayari limo ndani ya simu yako. Badilisha programu ya ramani isome UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita, badala ya digrii, halafu simama mahali fulani juu ya Kitulo. Inaweza kukuandikia mashariki 598430, kaskazini 8994720. Hizo ni mita. Kata tarakimu tatu za mwisho kila upande, ubaki na 598 na 8994: huo ndio mraba wako wa kilomita moja. Ukikata mbili tu, 5984 na 89947, umepata mraba wa mita 100, yaani hekta moja. Huhitaji hata mstari kwenye kioo. Wala huhitaji bando, maana GPS husikiliza setilaiti, haina habari na mnara wa simu.

Hata hivyo, mistari inasaidia. Kwenye ukungu wa Kitulo, mikono imekufa ganzi, nani ataanza kukata tarakimu? Unatazama ile nukta ya buluu, unaiona imevuka mstari, unafungua ukurasa mpya wa daftari. Basi miraba huandaliwa mapema kwenye kompyuta. QGIS, programu ya kompyuta ya kuchora ramani, ni ya bure na ina kifaa cha kutengeneza gridi, yaani mistari ya miraba. Chagua UTM ukanda wa 36 kusini, ambao ndio wa Kitulo na namba yake kwenye orodha ya mifumo ya ramani ni EPSG 32736, weka nafasi ya mita 1000, kisha hamishia faili kwenye simu. QField, programu ya ramani ya kwenye simu, hulipokea lilivyo. Programu zinazosoma tu faili za aina ya GPX zinataka mistari, kwa sababu GPX haijui umbo lililofungwa. Inajua pointi na njia.

Wengi huharibu kazi hapohapo kwenye kompyuta. Wanaburuta kipanya kuzunguka eneo lao, na gridi inaanzia popote kidole kilipoachia, tuseme 597613. Miraba inatoka na ukubwa sahihi kabisa, lakini hakuna mwingine duniani mwenye miraba hiyo. Kona ya kuanzia iandike kwa mkono, na iishie na sufuri tatu.

Ramani za karatasi za 1:50,000 nazo zina mtego wake. Zimechorwa kwa gridi ya kilomita moja, ila kwa mfumo wa vipimo wa zamani uitwao Arc 1960, wakati simu inatumia WGS 84, ule wa GPS. Namba ya kaskazini hutofautiana kwa karibu mita 300, karibu theluthi ya mraba. Anayetumia karatasi na anayetumia simu wanaweza kusimama chini ya mti mmoja wakaandika miraba miwili, na wote wakaapa.

Usijaribu miraba ya mita 10 ndani ya msitu wa Rungwe. Chini ya miti minene nukta ya simu huyumba zaidi ya hapo, utajikuta umehama mraba ukiwa umekaa unakula kiporo.

Na kama kazi yako inatoka Iringa kuelekea Morogoro, jiandae. UTM huigawa dunia kanda 60 za digrii sita sita. Mbeya, Njombe na Iringa mjini ziko ukanda wa 36, lakini ukifika Ruaha Mbuyuni umeshaingia wa 37. Mpaka ni longitudo ya 36. Hatua moja kabla yake, namba ya mashariki inasoma kama 830,000. Hatua moja baadaye inaporomoka hadi kama 170,000. Simu haijaharibika. Miraba ya pale mpakani ndiyo iliyokatwa vipande, na vipande hivyo huhesabiwa peke yake.