Msongamano wa meli za kitalii haupo pale mnapoutafuta

Picha ya Icon of the Seas, ile meli kubwa ya kitalii, imerudi kwenye makundi ya WhatsApp, na chini yake maneno yale yale: watu elfu kumi kwenye chombo kimoja, hiyo ni MV Bukoba inayongoja siku yake. MV Bukoba ni ile iliyozama Ziwa Victoria mwaka 1996 ikiwa imezidisha abiria. Nimeshajibu hoja hii mara nyingi mno. Leo naiandika kabisa, nikiulizwa tena nitume kiungo.

Kuwa na abiria wengi na kuzidisha abiria ni mambo mawili. Kivuko cha MV Nyerere, kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, kiliruhusiwa watu 101 na tani 25 za mzigo. Siku ile kilibeba watu zaidi ya 260. Kwa kilo 65 kila mmoja, hao peke yao ni kama tani 17, tena mzigo wenye miguu, unaosogelea mlango kabla chombo hakijatia gati. Icon inachukua abiria 7,600 na mabaharia 2,350. Wapimeni wote kwa kilo 75: tani 750 hivi, kwenye meli ya aina ambayo uzito wake ni takriban tani laki moja. Hawafiki asilimia moja. Na kanuni za uthabiti zinataka mbunifu apige hesabu ya abiria wote wakiwa wamejazana ubavu mmoja, na meli isilale zaidi ya nyuzi 10. Zile tani 248,663 mnazozitaja kama uzito wa Icon si uzito, ni kipimo cha ujazo uliofunikwa. Tuendelee.

Wauzaji wa safari nao wananikera, kwa sababu wana namba nzuri na wanaitumia vibaya. Wanasema meli kubwa zina nafasi zaidi: chukua tani za ujazo, gawanya kwa abiria. Sovereign of the Seas ya mwaka 1988, jitu la enzi zake, ilikuwa na tani kama 73,000 kwa abiria wapatao 2,280, unapata 32. Icon unapata 44. Hesabu haina kosa. Lakini tazama walichogawanyia: abiria 5,610, yaani wawili kila chumba. Shule zikifungwa Marekani, vitanda vya tatu na vya nne vinashushwa, watoto wanajaa, na ukigawanya kwa wale 7,600 unabaki na 33. Ndiyo, meli ya zamani nayo hushuka ukiijaza hivyo, kwa hiyo bado kubwa inashinda. Ila imeshinda kwa kitu gani? Ndani ya ujazo huo mmo chumba cha injini, stoo, majiko, vyumba vya mabaharia na ukumbi wa maonyesho. Sitaha ya wazi yenye mabwawa, mahali ambapo kila mtu anataka kulala siku meli ikiwa katikati ya bahari, haihesabiwi. Namba hiyo haikuambii lolote kuhusu viti vya kuotea jua.

Msongamano ni suala la mlango na saa. Anayevuka kwa kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, jioni anajua kwamba watu huumizana pale geti linapofunguliwa. Melini ni hivyo hivyo. Onyesho likiisha, ukumbi mzima unataka lifti dakika ile ile. Asubuhi meli ikitia gati, maelfu wanashukia ngazi mbili za sitaha moja, na vigari vya watoto, na taulo, wakipita mmoja mmoja kwa sababu kila kadi lazima isomwe na mashine ilie. Unaweza kuongeza ghorofa tano juu yake. Kama ngazi ni zile zile, umeongeza foleni tu. Mbunifu makini hutawanya watu kwa kupanga saa za chakula na maonyesho, na meli mpya hufanya hivyo vizuri kuliko nyingi za zamani. Msongamano unaobaki hutua mjini, meli inapotia gati. Venice ilizifungia meli za zaidi ya tani 25,000 za ujazo mfereji wa Giudecca Agosti 2021, na Juneau, Alaska, tangu 2024 hupokea meli kubwa tano tu kwa siku. Miji hiyo ina haki.

Sasa jambo linaloninyima raha. Miongozo ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, inataka kuwatoa watu wote kwenye meli kubwa ya abiria wakati wa dharura kukamilike ndani ya dakika 80. Hizo ni dakika zinazokokotolewa kwa kompyuta. Meli ya kitalii Costa Concordia, iliyopata ajali Januari 2012, ilikuwa na watu kama 4,200, karibu kabisa na kisiwa cha Giglio, Italia, na kuwatoa kulichukua zaidi ya saa sita kwa sababu meli ililala na boti nyingi za kuokolea zikawa hazishuki. Watu 32 walikufa. Elfu kumi hawajawahi kujaribiwa kweli, na mimi dakika hizo 80 siziamini.

Baada ya ajali ile zoezi la dharura likalazimishwa kufanyika kabla ya safari kuanza au mara tu inapoanza. Kisha mwaka 2020 yakaja mazoezi ya simu: unatazama video, unapita kwenye kituo chako cha kukusanyikia wakati wa dharura, kadi inasomwa, unaenda zako. Abiria wamefurahi kwa kuwa fujo imekwisha. Lakini huo ndio msongamano pekee uliokuwa na faida, maana ulimwonyesha kila mtu wangapi watasimama naye pale, na mabaharia nao waliuona.

Kwa hiyo ukipanda meli ya namna hiyo, kwa starehe au kwa ajira, jioni ya kwanza tembea kutoka chumbani hadi kituo chako. Tumia ngazi, si lifti, na uhesabu milango unayopita.