Anna Kournikova alishinda mataji, tena makubwa

Kwa zaidi ya miaka 20 watu wamekuwa wakirudia kwamba Anna Kournikova, mcheza tenisi kutoka Moscow, hakuwahi kushinda chochote, na kwamba umaarufu wake ulitokana na sura tu. Si kweli, na ni kumdhulumu.

Lililo kweli ni hili: hakutwaa taji la WTA (chama kinachoendesha mashindano ya tenisi ya wanawake) kwa mchezaji mmoja mmoja. Alifika fainali nne, akapoteza zote. Lakini kwa wawili wawili alitwaa mataji 16, yakiwemo ya Australian Open, moja ya mashindano manne makubwa zaidi ya tenisi, ya 1999 na 2002 akiwa na Martina Hingis, na Novemba 1999 akawa namba moja duniani kwa wawili wawili. Huwezi kufika hapo kwa kupigwa picha tu.

Hata peke yake hakuwa dhaifu. Wimbledon ya 1997, akiwa na miaka 16, alifika nusu fainali mara yake ya kwanza kushiriki. Mwaka 1998 huko Miami aliwatoa Monica Seles na Lindsay Davenport kabla ya kufungwa na Venus Williams kwenye fainali. Mwaka 2000 alikuwa wa nane duniani.

Kisha yakaja majeraha, hasa ya mgongo, na mwaka 2003 akaacha mashindano ya WTA akiwa na miaka 21 tu.