Spitfire za michango: pauni 5,000 ilikuwa bei ya jina tu

Wadau, swali tunaloulizwa sana huku makumbusho ni hili, mtu akiona picha ya ndege ya kivita ya Mwingereza imeandikwa ubavuni jina la mji au la nchi anauliza, kwani hao watu walienda kiwandani wakanunua ndege? Jibu ni ndio na hapana.

Mwaka 1940, Vita ya Pili ya Dunia, Ufaransa ikiwa inavamiwa na Wajerumani, Waziri Mkuu wa Uingereza Churchill akampa Lord Beaverbrook wizara ya kuunda ndege. Beaverbrook alikuwa mwenye magazeti, watu anawajua. Spitfire, ndege ya kivita ya Mwingereza, ikawekewa bei ya pauni 5,000 watu wachangie, mkiifikisha mnachagua jina linapakwa kwenye ndege. Wakati gharama yenyewe ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hapo! Na hela zote zinaingia serikalini, hakuna aliyetengewa ndege yake pembeni, jina linapakwa kwenye iliyopo.

Mimi kilichonikosha ni orodha ya bei za spea. Ribiti peni 6, bawa zima pauni 2,000, kwa hiyo hata mtoto na kibubu chake anatamba kanunua ribiti. Si unajua ukiambiwa changia harusi unakwepa simu, ila ukiambiwa kreti mbili za soda ni zako unatoa chap. Wanawake wanaoitwa Dorothy walichangishana wao kwa wao mpaka ikapatikana ndege inaitwa Dorothy, kweli kabisa. Malkia Wilhelmina wa Uholanzi yeye alitoa pauni 215,000, piga hesabu, ndege 43.

Makoloni nayo yakachangia. Skwadroni ya 72, yaani kikosi cha ndege za kivita, ikapewa jina la Basutoland, Lesotho ya leo, na ya 249 ikaitwa Gold Coast, yaani Ghana. Wanasema ilikuwa hiari, ila hiari ya mtu anayetawaliwa mimi huwa naipokea kwa mkono mmoja.

Na sisi huku pwani tulishatangulia. Vita ya Kwanza ya Dunia kuna FE2b, ile ndege ya watu wawili yenye pangaboi nyuma ya rubani, iliandikwa Zanzibar No. 1. Picha yake ipo, lakini ilipigwa ikiwa imeshatekwa, na wanaoishangaa pembeni ni Wajerumani.