Umepima, sawa, lakini umepima nini?

Hili neno "nimepima" limenichosha jamani. Mtu anakwambia nimepima niko safi, ukimuuliza umepima nini anakukodolea macho, "si ukimwi, kwani kuna kingine?" Kipo, tena vingi.

Haraka haraka: kupima magonjwa ya zinaa ni kutafuta vimelea au alama zake kwenye damu, mkojo au ute. Ukipimwa huna dalili yoyote, huo ni uchunguzi wa mapema tu, ukipimwa sababu unatoka usaha au una kidonda, hapo daktari anatafuta ugonjwa gani ili akutibu. Sisi vyote tunaita kupima, ndo mana wengi wanasubiri dalili, wakati klamidia mara nyingi haina dalili hasa kwa wanawake, inakaa kimya huku inaharibu mirija ya uzazi, na dawa yake ni doksisaiklini ya siku 7 tu (na mwenza naye atibiwe, la sivyo mnarudishiana).

Sasa neno lenyewe. Kupima ni habari ya kiasi, unapima unga, unapima kitambaa, unapima shamba, hakuna mtu anasema "nimepima" halafu ananyamaza. Tukifika hospitali ndo tunakata sentensi katikati. Kipimo cha VVU hakisemi lolote kuhusu kisonono, hicho kinatafutwa kwenye mkojo au ute, na kama kiko kooni hata mkojo hautakionyesha. Kaswende ni damu, sawa, ila kwa kipimo chake, sio kwamba wakikutoboa kidole basi wameona kila kitu.

Kinachonichekesha zaidi, vipimo vingi hivi havipimi kiasi chochote, vinajibu kipo au hakipo basi. Ukiacha kile cha wingi wa virusi kwa walio kwenye ARV, kinachopima kweli kweli ni RPR, kipimo cha damu cha kaswende, hicho kinaweza kutoa namba (angalia ile ya pili, ikipungua ndo nafuu): ukianza na 1:32, ukachomwa penisilini, baada ya miezi kadhaa ikashuka mpaka 1:8 au chini ya hapo, dawa imefanya kazi. Kile cha haraka kinachotafuta kingamwili za kaswende zenyewe (yaani kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana nayo) hakikupi hiyo habari, mara nyingi kinabaki chanya maisha yote hata kama ulishapona, kwa hiyo mtu aliyetibiwa zamani anarudia kipimo kilekile, anaona mistari miwili, anataka sindano tena na kugombana na mwenzake juu, kumbe alitakiwa aulize namba.

Basi ndugu yangu, siku nyingine usiishie "nimepima", malizia, "nimepima VVU na kaswende mwezi wa tatu, kisonono na klamidia bado". Najua ni ndefu.