Kuota Huku Unajua Unaota: Anza na Daftari, Alamu Baadaye

Wengi wanaokuja kutuuliza habari za ndoto za kujitambua huwa wameanzia mwisho. Mtu kaangalia video moja usiku, kesho yake kashatega alamu ya saa tisa, kakatisha usingizi siku nne mfululizo, ya tano anakuja kwetu kichwa kizito, hasira karibu na ndoto yenyewe hajaipata hata moja. Sasa mimi kazi yangu ni usingizi, na nakwambia mapema kabisa, hii kitu inajengwa juu ya usingizi wa kutosha, ukiubomoa usingizi umebomoa na ndoto.

Tuelewane kwanza ni nini. Ndoto ya kujitambua ni ile ambayo ukiwa bado umelala fofofo unashtuka kwa ndani, "aa, kumbe naota", na ndoto inaendelea. Saa nyingine unaweza kuigeuza, unaruka, unapita ukutani, saa nyingine unajua tu kwamba ni ndoto na huna la kufanya, ila hiyo nayo inahesabika. Na sio kipaji cha wachache, utafiti mmoja wa 2016 uliokusanya tafiti za miaka 50 ulikuta kama asilimia 55 ya watu washaipata angalau mara moja maishani.

Zamani wataalamu wengi walikuwa hawaamini, wanasema huyo aliamka kidogo tu akajidanganya. Kilichowanyamazisha ni macho. Unapoota sana, mwili karibu wote unakuwa umelegezwa ili usije ukarusha mateke kitandani, lakini macho hayalegezwi, yanacheza chini ya kope. Basi 1975 huko Uingereza, chuo kikuu cha Hull, mtafiti Keith Hearne alikubaliana na Alan Worsley, mtu aliyezoea ndoto hizi, kwamba Worsley akijitambua ndotoni apeleke macho kushoto kulia kwa mpangilio, na mashine zikanasa ishara ile huku zikionyesha jamaa amelala kweli. Stephen LaBerge, mtafiti wa chuo kikuu cha Stanford Marekani, naye akaja kuthibitisha hayohayo kivyake. Mwaka 2021 wakaenda mbali zaidi, maabara za Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi zikawauliza watu maswali wakiwa ndotoni, kwa mfano nane toa sita, na kuna aliyejibu kwa kuchezesha macho mara mbili, yaani jibu ni mbili. Mimi hiyo mpaka leo inanisisimua.

Haya, kwa nini nasema usingizi kwanza. Usiku unaenda kwa mizunguko, mmoja kama dakika 90 hivi, na kila mzunguko una kipande cha ndoto nzito. Kipande cha kwanza ni kifupi, dakika chache tu, halafu vinarefuka kadiri asubuhi inavyokaribia, cha mwisho kinaweza kufika nusu saa au zaidi. Kwa hiyo anayelala masaa matano anakata haswa pale penye ndoto nyingi, halafu anashangaa mbona haoti, sasa utaota saa ngapi?

Ukishakaa sawa kwenye usingizi, chukua daftari na kalamu uweke karibu na mto (simu hapana, ukiishika tu ushaingia kwenye meseji na ndoto ishayeyuka). Ukiamka usijigeuze, usifumbue macho haraka, shika ile picha ya mwisho uliyonayo hata kama ni mlango tu au sauti ya mtu, halafu ivute nyuma taratibu, mara nyingi inakuja na mkia wake wote. Andika hata maneno matatu. Baada ya wiki mbili hivi soma yote utaona vitu vinajirudia, unaongea na marehemu kama kawaida, uko kwenye mtihani ulioshamaliza miaka kumi iliyopita, meno yanadondoka. Hizo ndo alama zako, wewe na si mwingine.

Mchana sasa, ukikutana na kitu kinachofanana na alama yako, jipime. Bana pua, funga mdomo, jaribu kuvuta pumzi, ndotoni mara nyingi pumzi inapita tu. Au soma maandishi, angalia pembeni, yasome tena, ndotoni huwa yanabadilika. Ila hapa ndo wengi wanapoharibu, wanabana pua kama wanakuna kichwa, akili iko kwingine, na ndotoni watafanya hivohivo halafu wajiambie niko macho na waendelee kuota. Kipimo bila kujitilia shaka kweli hakina kazi.

Alamu inakuja mwisho. Siku ambayo kesho yake huna haraka, lala mapema, amka baada ya masaa kama matano, kaa macho dakika chache, kumbuka ndoto uliyotoka nayo, kisha unaporudi kulala jiambie "nikiota tena nitakumbuka kwamba naota" huku ukijiona uko ndani ya ndoto ileile umeshtukia alama yako. Ni njia ya LaBerge hii. Mtafiti Denholm Aspy wa Australia aliipima pamoja na kujipima mchana, matokeo ya 2017, wakafanikiwa kama asilimia 17 ya majaribio, lakini waliopitiwa na usingizi ndani ya dakika tano baada ya kujiambia walifika karibu 46. Maana yake usikodoe macho. Na ukifanikiwa furaha itataka kukuamsha, tulia, sugua viganja vyako vya ndotoni uvisikie.

Unaweza pia kuamka ukashindwa kusogea, wengine wanasema jinamizi limewakaba. Ni ule ulegevu wa misuli haujaisha wakati akili ishaamka, unapita wenyewe, vuta pumzi taratibu ujaribu kidole kimoja.

Kuna watu nawaambia waache kabisa mpaka waongee na daktari wao, wenye kifafa, wenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, waliowahi kusikia sauti au kuchanganya ya kweli na ya kufikirika, maana kukatiwa usingizi kunaweza kuwaamshia tatizo. Dereva na anayefanya kazi na mashine nao wasicheze na alamu siku za kazi. Na vidonge vinavyouzwa mtandaoni achana navyo, kwa mfano galantamini ni dawa ya wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ina madhara yake.

Kitu cha mwisho, ukiamka ukashika daftari uanze kuandika, bana pua kwanza, maana kuota kwamba umeamka ni kawaida sana, na wengi wameandika kurasa mbili nzima wakiwa bado wamelala.